Monita pana iliyopinda kwa kazi za hesabu: ninunue, ama nijipange na mbili za kawaida? (Kisumu)

NyarLolwe

Wadau, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa.

Mimi ni mhasibu, ofisi yetu iko hapa mjini Kisumu, si mbali na Oginga Odinga Street. Wateja wetu ni wadogo wadogo: hardware, chemist, shule za binafsi mbili tatu, sacco ya bodaboda. Kazi yangu kubwa ni kulinganisha. Huku stetimenti ya M-Pesa ya till, kule stetimenti ya benki, katikati daftari la mauzo, halafu ankara za eTIMS (mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi) ambazo lazima zikubaliane na ninachojaza iTax, tovuti ya kodi, kabla tarehe 20 haijapita. Yote hayo nayafanya kwenye laptopu ya inchi 14. Nikiona kiasi kwenye M-Pesa, nikibonyeza Alt na Tab kufika kwenye daftari, tayari sina hakika kama ilikuwa 4,350 au 3,450. Narudi tena kuangalia. Kutwa nzima ni hivyo.

Nimezipenda hizi monita pana zilizopinda za inchi 34. Bajeti ni 60,000, nikibanwa naweza kuongeza kidogo. Laptopu ni ThinkPad T480, ex-UK (mtumba wa Uingereza). Meza ina kina cha sentimita 60. Dirisha liko nyuma yangu, linatazama magharibi, na mnajua jua la Kisumu saa kumi.

Muuzaji mmoja ananiambia nichukue ya inchi 34 yenye pikseli 2560 kwa 1080 kwa sababu ni rahisi, na eti tofauti yake na ile ya 3440 kwa 1440 ni ya wacheza gemu tu. Ni kweli?

FundiKondele

Dada NyarLolwe, huyo anatafuta mtu wa kumwondolea stoki. Tofauti iko kwenye maandishi, na wewe kutwa nzima unasoma tarakimu.

Piga hesabu. Inchi 34 ya 3440 kwa 1440 inakupa karibu pikseli 110 kwa kila inchi moja. Ya 2560 kwa 1080, ukubwa ukiwa uleule, inakupa 82 tu. Monita ya kawaida ya inchi 24 ya Full HD (1920 kwa 1080) ina 92. Kwa hiyo ungelipa zaidi ili upate herufi nene zenye ukungu kuliko za monita ya bei ya chini. Hiyo ni chai iliyoongezwa maji ili itoshe wageni. Pikseli 2560 kwa 1080 zinafaa kwenye inchi 29, maana pale unarudi 96 kwa inchi. Ila ya 29 nayo ni fupi, kimo chake ni kama sentimita 28, yaani ni inchi 23 ya kawaida iliyovutwa ubavuni.

Njoo kwenye Excel. Safu ikiwa haijaguswa huwa na upana wa pikseli 64, na mstari una kimo cha 20, ukiwa asilimia 100. Kwenye 1920 unaona safu 28 au 29. Kwenye 3440 unatoka A unafika AZ bila kusukuma chochote. Kwa kimo, kutoka 1080 kwenda 1440 unaongeza mistari 18. Watu husifu upana wakasahau hiyo mistari 18, na kwa mtu wa kulinganisha stetimenti ndiyo tamu.

Sasa swali la muhimu kuliko kupinda: laptopu yako utaiunganisha kwa poti gani? HDMI ya T480 ni 1.4. Full HD inaibeba bila shida, lakini ukiipa 3440 kwa 1440 mara nyingi utajikuta kwenye hezi 50 au hata 30, yaani picha inabadilika mara 50 au 30 tu kwa sekunde. Kwenye 30 utaona kishale cha mausi kinakokota. Usiitumie hiyo. Upande wa kushoto kuna USB-C mbili, na moja ina alama ya radi, hiyo ni Thunderbolt. Tafuta kebo ya USB-C kwenda DisplayPort, chomeka hapo, utapata hezi 60 bila wasiwasi na zaidi kama monita inaruhusu.

Section58

Nakuru hapa. Mimi ni wa monita mbili na sitabadilika.

Kwa pesa hiyo unapata inchi 24 mbili bapa za IPS (aina ya paneli ambayo rangi hazipauki ukiitazama kwa upande), mpya, na chenji ya mkono wa kuzishikilia. Ukitafuta ex-UK chenji inakuwa kubwa zaidi. Moja unailaza, nyingine unaisimamisha wima usome stetimenti ndefu bila kushuka kila dakika. Skrini pana haisimami wima. Na siku moja ikizima, unabaki na nyingine unamaliza VAT yako. Ukiwa na monita moja ya bei kali ikazima tarehe 18, utaeleza nani?

Halafu mikutano. Ukionyesha skrini nzima ya upana ule, mwenzako mwenye laptopu anaona utepe mwembamba katikati, juu weusi chini weusi, maandishi kama sisimizi. Nimekaa kwenye mikutano ya namna hiyo. Hakuna aliyeona kitu, na kila mtu alisema "iko sawa, endelea".

FundiKondele

@Section58 ya mkutano ni kweli lakini ina dawa. Usionyeshe skrini nzima, onyesha dirisha moja. Teams na Meet zote zinakubali. Zoom ina na njia ya kuchagua sehemu tu ya skrini, iko kwenye "Advanced", unachora mraba na watu wanaona kilicho ndani yake.

Hoja ya moja kuzima hiyo nakupa, sina jibu.

NyarDunga

Mimi nina mbili za 24 na shingo yangu inalalamika. Pale katikati unapotakiwa kutazama ndipo kuna fremu mbili nyeusi, kwa hiyo unachagua moja iwe kuu na kutwa umegeuka upande mmoja. Kama ni mbili, weka moja mbele yako kabisa na nyingine pembeni. Usiziweke nusu kwa nusu.

MwalimuKK

Mulembe kutoka Kakamega. Nafundisha hesabu, kwa hiyo mniruhusu nichore hili la kupinda kwa maneno, maana maduka yanaandika 1000R na 1800R bila kumweleza mtu.

Hiyo namba ni nusu-kipenyo cha duara, kwa milimita. 1800R maana yake ukiziunganisha monita nyingi za aina hiyo ubavu kwa ubavu utapata duara, na kutoka katikati hadi kwenye kioo ni mita 1.8. Namba ikipungua, mpindo unazidi. Kwa hiyo 1000R imepinda sana, 3800R karibu ni bapa.

Inchi 34 pana ina upana wa karibu sentimita 80 na kimo cha 33. Kimo hicho ni sawa na cha inchi 27 ya kawaida, kwa hiyo mtu anayetoka inchi 27 hapotezi wala haongezi kitu kwenda juu, anaongeza sentimita 20 ubavuni. Ukikaa sentimita 70 kutoka katikati ya kioo bapa, kingo ziko umbali wa karibu 81 kutoka machoni. Jicho linatoka 70 hadi 81, linarudi, na pale pembeni unatazama kioo kwa mshazari wa kama digrii 30.

Ukipinda kwa 1800R, kila kingo inasogea mbele sentimita 4 na nusu. Umbali unakuwa 77 na mshazari unashuka hadi kama digrii 19. Kwa 1000R kingo zinasogea zaidi ya 8, mshazari unabaki kama 9. Kwa 3800R zinasogea 2 tu.

Maana yake? Kwa inchi 34, kupinda kunasaidia kiasi, hakubadilishi maisha. Kwa zile za inchi 49, ambazo upana wake unafika mita 1.2, kupinda ni lazima, la sivyo pembeni husomi. Kwa inchi 27 hiyo R ni mapambo. Dada akipata bapa nzuri ya inchi 34 kwa bei nafuu asiikatae, na akipata iliyopinda 1500 hadi 1900 ndiyo saizi ya ofisi.

Onyo kwa wenye kuchora ramani za nyumba na barabara: mstari mnyoofu kwenye 1000R unaonekana una tumbo. Wengine huzoea. Wengine huirudisha dukani.

Gema_Kisumu

Chukua 1000R yenye hezi 165, mchana VAT, usiku FIFA 😂

NyarLolwe

@Gema_Kisumu usiku nalala bwana.

@MwalimuKK asante sana, nilidhani R ni jina la modeli. Nimechukua futi nikapima: nikikaa vizuri, macho yangu yapo sentimita 65 kutoka ukutani ambapo monita ingeegemea. Ila stendi yake nayo inakula nafasi, au sio?

FundiKondele

Inakula, tena sana. Stendi nyingi za monita zilizopinda zina miguu mipana yenye umbo la V, na kioo kinakaa mbele ya nguzo. Kwenye meza ya sentimita 60 ukiweka monita kwa stendi yake, kioo kitakukaribia mno. Una njia mbili. Kwanza, mkono wa monita unaobana ukingo wa meza na kuisukuma monita hadi ukutani. Hakikisha mgongo wa monita una matundu manne ya VESA, mara nyingi ni milimita 100 kwa 100, na mkono unabeba uzito. Inchi 34 nyingi bila stendi ziko kilo 5 hadi 8. Usinunue mkono ulioandikwa kilo 6 ukaweka ya kilo 7, utakuwa unainama kidogo kidogo kila wiki.

Njia ya pili ni ya kwetu: mwambie seremala akuongezee ubao, meza iwe na kina cha 75. Ni kazi ya asubuhi moja na haigharimu kama mkono.

Section58

Mnaona? Monita, kebo, mkono, seremala. Mimi nilichomeka HDMI nikafanya kazi.

Mkulima_Digital

Kitale. Nafanya kazi na ramani za mashamba kwa QGIS, programu ya ramani, nimetumia inchi 49 ya 32:9, ile ya 5120 kwa 1440. Kimsingi ni inchi 27 mbili za QHD (2560 kwa 1440) bila fremu katikati. Ni raha. Lakini kwa ofisi ya hesabu ningekataza. Ina uzito wa zaidi ya kilo 10, inahitaji meza ya kwake, na laptopu ya kawaida yenye poti ya zamani haitaisukuma. Pia inajaza macho mpaka unatumia theluthi ya katikati tu, kona za mbali zinabaki za WhatsApp na barua pepe. 34 ndiyo mwisho wa busara kwa mtu mmoja na meza moja.

Nikiongeza: angalia aina ya paneli. Nyingi zilizopinda za bei ya kati ni VA. VA ina weusi mzuri, uwiano wa weupe kwa weusi wa kama 3000 kwa 1 dhidi ya 1000 kwa 1 wa IPS ya kawaida, na kwenye chumba chenye giza inapendeza. Udhaifu wake ni kwamba ukiitazama kwa upande rangi zinapauka, na ukisukuma maandishi meupe kwenye mandhari meusi yanaacha kivuli nyuma. Kama unatumia Excel ya kawaida, meusi kwenye meupe, hutaona hicho kivuli. Kama ni mpenzi wa mandhari meusi, utakiona.

Njeri_wa_Kiamunyi

Na OLED je, zile paneli ambazo kila nukta inajiwakia yenyewe? Nimeona zimeanza kushuka bei.

Mkulima_Digital

@Njeri_wa_Kiamunyi kwa filamu sawa, kwa Excel hapana. Mistari ya jedwali na upau wa chini wa Windows vinakaa mahali pamoja kwa muda wa saa nane kila siku, na OLED hukariri vitu vya namna hiyo hadi alama isitoke. Tena vinukta vya rangi kwenye OLED nyingi havikupangwa kama Windows inavyotarajia, kwa hiyo kingo za herufi zinakuwa na rangirangi, kijani huku, zambarau kule. Kuna mtu hatoiona, na kuna mtu itamkera hadi auze.

FundiKondele

Tuseme majina basi, maana dada ana bajeti. Sitaji bei, zinapanda na kushuka na dola.

LG 34WP65C: VA, 1800R, 3440 kwa 1440, hezi 160. Dell S3422DW: VA, 1800R, hezi 100. Xiaomi ya inchi 34 iliyopinda, ile ya Mi: VA, 1500R, hezi 144. Samsung Odyssey G5 ya inchi 34: VA, 1000R, hezi 165, hiyo ndiyo Gema anaitaka. Hizi zote ni za daraja moja. Hazina USB-C ya kuchaji laptopu.

Ukipanda ngazi kuna za ofisi hasa, kama Dell U3423WE na iliyoifuata, U3425WE. IPS Black, 3800R, kebo moja ya USB-C inaleta picha, inachaji hadi wati 90 na kubeba mausi, kibodi na hata waya wa mtandao. Ina na KVM, yaani kibodi moja kwa kompyuta mbili. Kwa bajeti ya 60,000 mpya hutaipata. Nimeitaja ili ukikutana na mtumba wake uliotunzwa usimame uangalie.

Hizo hezi 144 na 165 zisikupe presha, Excel haijui kukimbia. 75 au 100 inatosha, ukurasa ukishuka unashuka laini.

NyarDunga

Naomba kuuliza jambo la pembeni. Mimi nina MacBook Air M1. Nikitaka kuongeza monita ya pili inakataa. Ni kebo?

FundiKondele

@NyarDunga si kebo, imeundwa hivyo. Air ya M1 na ya M2 zinakubali monita moja tu ya nje. Ya M3 inakubali mbili ukifunga kifuniko. Kuna adapta za DisplayLink za kuzunguka hilo, zinahitaji programu. Kwa watu kama wewe hii monita pana ni mkombozi: Mac inaihesabu kuwa moja, wewe unapata nafasi ya karibu mbili.

Section58

Hapo sawa. Kwa mwenye Air ya M1 nakubali. Kwa T480 bado nasema mbili.

Wuod_Ahero

NyarLolwe, omera wangu FundiKondele amesema vizuri lakini hakuna aliyegusa dirisha. Dirisha nyuma yako, magharibi, saa kumi: hakuna monita ya bei yako itakayoshinda lile jua. Nyingi zina kioo kisichong'aa, lakini kilichopinda hukusanya mwanga wa nyuma na kuutandaza ubavuni kama wingu. Geuza meza dirisha liwe ubavuni mwako. Kama chumba hakiruhusu, pazia zito. Hilo ni bure, au karibu na bure, na litakusaidia hata ukibaki na laptopu.

Stima nayo. Inchi 34 ya kawaida huvuta kama wati 40 hadi 60, kwa hiyo UPS ndogo ya 650VA inaibeba pamoja na laptopu na kisanduku cha intaneti kwa muda wa kuhifadhi faili na kuzima kwa amani. Hofu yangu si stima kupotea, ni ikirudi kwa kishindo. Na radi. Huku kwetu mvua ya jioni haiji bila radi. Chomoa ukutani, na chomoa pia waya wa mtandao kama upo. Nimeona ofisi iliyozima kila kitu kwenye soketi, radi ikaingilia kwa waya wa mtandao.

MwalimuKK

Kakamega nakuunga mkono kwa herufi kubwa.

Njeri_wa_Kiamunyi

Ukiagiza kutoka Nairobi uwe macho na usafiri. Mpaka Kisumu ni kama kilomita 350, boksi linashushwa na kupandishwa. Monita lazima isafiri imesimama wima, isilazwe na kuwekewa gunia juu, hasa iliyopinda, maana uzito wote unaishia kwenye kingo mbili. Andika kwa kalamu nene pande zote. Mwambie muuzaji aiwashe na akutumie video kabla ya kufunga.

Ikifika, usisaini kisha ukaiacha kwenye kona hadi Jumatatu. Fungua, iwashe, weka picha ya rangi moja skrini nzima: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, buluu. Nukta isiyobadilika utaiona hapo. Kwenye nyeusi zima taa uone kama pembe zinavuja mwanga. Na uliza waranti inashughulikiwa wapi. "Mwaka mmoja" inayomaanisha uirudishe Nairobi kwa gharama yako ni tofauti na mwaka mmoja wa duka lililo hapo mtaani. Mimi ningelipa elfu kadhaa zaidi kwa la mtaani.

Kama ni mtumba wa Marekani, geuza usome kibandiko cha nyuma au cha adapta. Kikisema 100-240V unabadilisha waya wa ukutani tu. Kikisema 120V pekee, iache.

NyarLolwe

Asanteni nyote. Nimezunguka maduka leo.

Kwanza niliomba duka moja waniwashie. Nilibeba T480 na faili yangu ya kweli, nikaziba majina ya wateja. Ya 34 ya 2560 kwa 1080 niliiona kwa macho yangu: tarakimu 8 na 6 kwenye saizi ndogo zinafanana ukiwa umechoka. Ya 3440 kwa 1440 hapana, zinasomeka. Kwa hiyo hilo limeisha.

Pili, mwenye duka alichomeka HDMI. Nikaingia kwenye mipangilio ya Windows, Display, kisha "Advanced display", ikaandika hezi 30. Mausi ilikuwa inakokota vilevile FundiKondele alivyosema. Akatafuta kebo ya USB-C kwenda DisplayPort, tukachomeka kwenye ile ya radi, ikapanda. Alishangaa kuliko mimi.

Nimeweka stetimenti ya M-Pesa kushoto, daftari katikati, ankara za eTIMS kulia, kila moja ina pikseli kama 1,146 za upana. Ule mkanganyiko wa 4,350 na 3,450 umeisha, zote ziko mbele yangu kwa mstari mmoja.

Nimelipia LG ya 1800R. Bado ni ndani ya bajeti nikiacha mkono, seremala atanipanulia meza. @Section58 usinikasirikie, nimemwambia bosi atafute moja ya 24 ex-UK ya akiba, iwe ya kusimama wima pembeni na ya dharura.

Section58

Sasa una monita mbili. Karibu nyumbani.

NyarLolwe

😂😂 Haya.

Swali la mwisho. Kuyapanga madirisha matatu kwa mkono kila asubuhi kunachosha, Windows inataka kugawa mbili tu. Na Excel inanipa shida: faili ya benki ina kurasa mbili nataka kuziona kwa pamoja, lakini ni faili moja.

FundiKondele

Kama uko kwenye Windows 11 bonyeza kitufe cha Windows na Z, utaona vigawanyo vya tatu, kwa sababu skrini ni pana. Lakini chukua PowerToys, ni ya bure kutoka Microsoft, ndani yake kuna FancyZones. Unachora maeneo yako mwenyewe. Kwa kazi yako ningechora la katikati pana zaidi, mawili ya pembeni membamba. Kisha ukiburuta dirisha huku umeshika Shift, linajikalia kwenye eneo lake. Ukiiwekea kukumbuka, kesho ukifungua Excel inarudi mahali pake.

Faili moja kurasa mbili: nenda "View", bonyeza "New Window". Faili ileile inafunguka mara ya pili, ukibadilisha huku inabadilika na kule, si nakala. Halafu "Arrange All", chagua "Vertical" zikae ubavu kwa ubavu. Ukibonyeza "View Side by Side" itawasha pia "Synchronous Scrolling", yaani ukishusha moja na nyingine inashuka. Kwa stetimenti mbili zenye mistari inayolingana ni tamu. Kwa M-Pesa dhidi ya benki izime, maana M-Pesa ina miamala mingi kuliko benki na kufikia mstari wa arobaini zitakuwa zimeachana kabisa.